Bei ya Familia

Abass wa Mizigo,
Jumba la Tianxiu, Xiaobei,
Guangzhou, China.
25 Aprili 1999

Mpendwa dada yangu Muzdalifa,

Assalaam alaykum. Shikamoo dada. Natumai barua hii itakukuta mzima, na ule mguu wako unaojua mvua kabla ya redio haukusumbui sana masika haya. Vipi shemeji Ghalib na kifua chake? Vipi watoto, vipi majirani? Na Dalila, ameshaota lile jino la mbele au bado anacheka kwa mkono mdomoni?

Mimi sijambo, alhamdulillahi. Nilishikwa na mafua mwezi uliopita, maana huku baridi na joto hupokezana bila ya kuagana, lakini sasa napumua kwa pua zote mbili. Kazi ipo. Tangu Bangkok ilipoyumba na sisi tukahamia huku, sijaona watu wa nyumbani wakija kwa wingi kama mwaka huu. Kila nikishuka lifti namsikia mtu akiuliza kwa Kiswahili kontena litaingia lini, na anayeulizwa ni mimi.

Barua yako nimeipokea kwa mkono wa Abdulwakil, pamoja na halua ya Wete. Halua ilifika nusu. Nusu nyingine, kwa maelezo ya Abdulwakil, iliyeyuka Dubai. Sijawahi kusikia halua iliyoyeyuka ikaacha kifungashio kimelambwa hivyo, lakini kwa kuwa alinibebea pia dawa ya chango na picha ya mtoto, nimemsamehe.

Picha nimeiweka juu ya meza, mbele ya simu. Amekuwa mrefu. Shingo ni ya marehemu Safia, na kule kuikunjia kamera uso ni kwetu kabisa, wala tusimsingizie mtu.

Nimefurahi mno kusikia kwamba amekubali kuja likizo ya Juni. Na masharti yake nimeyasoma: alale na wewe, asilazwe juu ya maboksi, na pembea iwe karibu. Nilicheka peke yangu mpaka mwenzangu wa ofisi akageuka. Kisha nikasoma mstari wa chini, ulipoandika maneno yake kama alivyoyasema, "Mjomba atatuweka wapi?" Hapo nikaikunja barua kidogo, nikaifungua tena baadaye.

Mjomba ndiye mimi. Najua hapana aliyekosea, dada. Safia wangu alipotutoka, mtoto hata kukaa alikuwa hajui. Ukamchukua, ukamlea na wanao, na wanao wananiita mjomba, basi yeye angeniitaje? Wewe ndiye mama anayemjua, na baba ni shemeji Ghalib, anayemvua viatu akirudi chuoni. Mwaka jana mlimweleza ukweli wote, na bado nikipiga simu husema, "Mjomba, uniletee viatu vya taa." Nami hujibu, "Nitakuletea, mwanangu," na neno hilo la mwisho nalisema polepole, lisimshtue.

Nakuambia haya ujue kwa nini nahangaika na jambo la malazi kama mtu anayetafuta nyumba ya kuolea. Siku mtakazokaa pale kwenye bustani ya michezo ndizo za kwanza mimi na yeye kuwa pamoja tangu alipokuwa wa kubebwa. Nataka ziwe njema. Mwaka huu sina jengine ninalolitaka zaidi ya hilo.

Sasa nimjibu shemeji Ghalib, maana ameniagiza nimpambanulie njia zote za kupata chumba, ipi nafuu na ipi ya kuibiwa. Karani wa bandari hastaafu, hubadilisha meza tu. Mwambie avae miwani.

Bustani yenyewe iko nje ya mji, upande wa Panyu, wanaiita Maziwa Tisa, ingawa mimi nimehesabu mawili na dimbwi. Usidhani ni bustani ya maua. Kuna gurudumu kubwa la kupanda watu juu, kuna vigari vinavyokimbia juu ya reli na kupinduka na watu wake, kuna maboti, kuna ndege wa kila rangi, na kando ya ziwa ndipo vilipo vyumba vya kulala. Mtu akilala mle ndani huamka akaingia kwenye michezo kabla ya mabasi ya mjini kufika. Yule binti aliyegoma kushuka pembeani Mnazi Mmoja siku ya Idi atapafaa.

Kwanza nilikwenda kwenye duka la safari karibu na stesheni ya treni. Wana picha nzuri ukutani na kiyoyozi cha kumgandisha mtu. Wao hukuuzia kila kitu kwa pamoja, basi, kiingilio, chumba, chakula, na msichana mwenye kibendera wa kumfuata mtakapokwenda. Bei ya mwenyeji ni moja na bei ya mgeni ni nyingine, na ya mgeni inakaribia mara mbili. Chakula cha mchana kimeshapangwa, na nilipouliza nyama gani, msichana alinichorea nguruwe kwenye karatasi, tena kwa ustadi, na mkia wake umejikunja. Nikamshukuru nikatoka.

Wenzangu wakaniambia nisijisumbue, niende tu siku ile ile nikapange nje ya geti, kuna vijumba vya wageni vya bei ya chini kabisa. Kweli vipo. Lakini kila mwenye nyumba alipoiona pasipoti yangu alitikisa mkono kabla sijasema neno, akisema "mei you", yaani hakuna, huku funguo zinaning'inia nyuma yake ukuta mzima. Baadaye nikaelewa kwamba nyumba nyingi za namna ile hazina ruhusa ya kulaza wageni wa nje, na polisi wakiwakuta ni taabu. Basi hiyo nayo shemeji aifute.

Laoban Chen, bosi wa kiwanda cha ndala ninachokichukulia mizigo, aliposikia habari alinipigapiga bega. Hapa mtu ukishamwita laoban na ukamlipa kwa wakati, huwa ndugu. Yeye hupata hati za likizo kwa ajili ya wafanyakazi wake, na vyumba vyake ni karibu na bure. Nikaenda kuviona. Ni vitanda vya ngazi, wanane chumba kimoja. Nikakufikiria wewe, dada yangu, na mguu wako, unapanda ngazi ya chuma usiku na shungi lako huku wasichana wa kiwandani wanakusukuma kwa chini. Nikamwambia laoban Mungu amzidishie, lakini hapana.

Ndipo nikaamua kupiga simu mwenyewe, na hapa ucheke taratibu. Nilikuwa nimemuuliza Hafidh, yule Mtanga ninayepakana naye ofisi, "Hoteli wanaitaje?" Wakati huo tulikuwa tunakula. Akaonyesha meza kwa kijiko akasema, "Fandian." Nikashika. Nikaitafuta namba kwenye karatasi ya matangazo ya bustani, nikapiga, nikasema kwa Kichina changu cha kubahatisha, fandian, watu watatu, siku mbili, mwezi wa sita. Mwanamke upande wa pili akasema vizuri, vizuri, akaniuliza jina, nikampa. Nilikata simu nikiwa nimevimba kichwa. Nikawaambia watu jumba zima kwamba Abass sasa anajipangia mambo kwa Kichina.

Nilipokwenda kuhakikisha, nikapelekwa kwenye mkahawa wa tambi. Pale palikuwa na meza ya watu watatu iliyowekwa kwa jina langu, siku mbili mfululizo, mwezi wa sita. Fandian, dada yangu, maana yake nyumba ya wali. Kuna fandian za kulia na kuna fandian za kulalia, na neno ni moja. Na mimi mtoto wa Unguja, ambaye kwetu hoteli ni pahala pa chai na sambusa na watu hurudi kulala makwao, nilijifunza neno mezani nikalipeleka kitandani. Hafidh alicheka mpaka akakaa chini. Na ni yeye aliyenifundisha.

Lakini Mwenyezi Mungu hatupi mja wake. Mwenye mkahawa ni Bi Ma, mama wa makamo aliyefunga kitambaa kichwani, katoka huko kaskazini-magharibi ambako Waislamu wao ni wengi. Alipokiona kibandiko cha Ayatul Kursi kwenye mkoba wangu alinitolea salamu kwa lafudhi yake, nami nikaitika, tukabaki tunachekeana kama watu waliokutana Makka. Nyama yake ni halali na supu yake ina pilipili manga kama yako. Meza sikuifuta. Kwa hiyo shauri la chakula limekwisha, usije ukabeba sufuria, nakujua.

Bi Ma ndiye aliyenieleza, kwa mikono na kwa kalenda ya ukutani, kwamba Juni katikati ya wiki vyumba vya ziwani hushuka sana, maana watoto wao wamo kwenye mitihani. Jumamosi na Jumapili bei hupanda. Tena nisinunue getini wala kwa wenye vibendera, niende kwenye ofisi ya bustani yenyewe hapa mjini, mapema. Na ipo bei nyingine chini ya zote, wanaiita bei ya familia. Mzazi akija na mtoto, chumba kinakuwa nusu, mtoto haingizwi kwenye hesabu, na hapo mgeni na mwenyeji ni sawasawa.

Nilirudi mjini siku ile kwa furaha, dada. Nusu bei, kando ya ziwa, hata shemeji Ghalib asingepata pa kutia kalamu.

Nikaenda ofisini kwao na Hafidh, awe mkalimani, kwani fandian ilishanitia adabu. Karani ni mwanamke mpole, ana kikombe cha chai chenye majani mpaka juu. Akatueleza kwamba kulipa ni sasa, ila mtoto ataulizwa kule kule, mlangoni pa vyumba. Pasipoti hawaitazami kwa jambo hili, majina ya wageni yanawachanganya. Wanamuuliza mtoto mwenyewe, huyu ni nani wako? Akisema baba au mama, basi. Akisema vingine, mkubwa wake atalipa iliyobaki na faini juu. Wamefanya hivyo kwa sababu watu huazima watoto.

Na hapa, dada, ndipo utakaposhangaa. Baba kwa Kichina ni baba. Sikutanii. Mama ni mama na baba ni baba, kama kwetu. Katika lugha yao nzima inayoniumiza ulimi, neno wanalolitaka mlangoni ni lile lile ambalo mtoto wangu analijua tangu alipoanza kusema. Analolisema kila siku. Halisemi kwangu tu.

Hafidh akapiga makofi. "Yakhe, kazi kwisha. Simpo. Mpigie dada'ko amtreni mtoto, neno moja tu, baba, half price hiyo. Akikosea, laoban mlangoni atakwambia mei you, utalipa kama mzungu."

Nami nilikubali. Pale pale nilikuwa nimeshatunga barua kichwani, nyingine si hii, ya kukuomba umzoeze. Tena nilijua umeshaanza bila ya kuombwa. Umeandika kwamba kila baada ya magharibi unamkalisha na kumwambia aseme "Baba Abass", na yeye huishia kutazama miguu yake. Nikasema, vyema, kumbe mambo yanakwenda pamoja.

Tukapanga foleni ya kulipa, nayo ilikuwa fupi. Alikuwapo bwana mmoja na mtoto wa kike, labda wa miaka sita. Mtoto akiletwa ofisini huulizwa papo hapo, na nadhani alikuwa anataka kujaribu kama atapita, maana mtoto alikuwa na pipi ya kijiti na yule bwana akimnong'oneza. Karani akainama juu ya meza, akamuuliza kwa sauti ya upole. Mtoto akamtazama yule bwana, akaitazama pipi, akasema, "Baba." Akarudi kulamba. Karani akatabasamu. Walipotoka niliwaona kupitia kioo, mwanamke aliyekuwa akingoja nje akamshika mtoto mkono wakaenda zao, na yule bwana akapanda baiskeli akaenda kwingine. Watu wote mle ofisini walicheka. Hafidh alicheka. Nami nikacheka, kisha kicheko kikaniisha njiani.

Nilimwona Dalila pale, dada. Nilimwona amesimama mlangoni kwa watu asiowajua, wewe umemminya bega, mimi nimeshika viatu vya taa, na wote tunamtazama mdomo. Angesema. Ni mtoto mwenye adabu, umemlea vizuri. Angesema baba, na mlango ungefunguliwa, na mimi ningeingia nikalala karibu na ziwa kwa nusu bei nikijua neno lile limenunuliwa. Na baadaye, siku akilisema kwa kutaka, ningejuaje?

Zamu yetu ikafika. Karani akauliza kama ninakuja na mtoto. Nikamwambia Hafidh, "Mwambie mtoto ni wangu, na bei iwe ya kawaida."

"Una wazimu? Wako, halafu ulipe kawaida?"

"Mwambie hivyo hivyo."

Hakutaka kutafsiri. Nilimgusa kwa kiwiko mara mbili ndipo akasema. Yule mwanamke akadhani sijaelewa, akatoa karatasi akanichorea baba, mtoto, na mshale wa kushuka chini. Kila mtu katika nchi hii anajua kuchora. Nikaichukua kalamu, nikawazungushia duara baba na mtoto, nikaufuta mshale. Akanitazama kidogo, kisha akaniandikia vyumba viwili vya kawaida, katikati ya wiki, na bila ya kuombwa kimoja akakichagua cha upande wa ziwa. Hafidh hajaacha kuwasimulia watu kwamba mimi ndiye mfanyabiashara wa kwanza Guangzhou aliyepunguziwa bei akakataa.

Kwa hiyo shemeji Ghalib aandike hivi. Duka la safari, ghali. Vijumba vya getini, hawatutaki. Hati za kiwandani, ngazi. Ofisi ya bustani, katikati ya wiki, mapema, ndiyo tuliyoichukua, na iko mbali sana chini ya ile ya kibendera. Bei ya familia ni nafuu kuliko zote na ni halali yetu, ila sisi hatujaiva. Akisema nimemwaga pesa, mwambie chumba changu nimekichukua cha nyuma, kinachotazama jiko, hivyo tofauti nimeilipa kwa pua.

Cha mbele ni chako na Dalila. Kitanda cha dirishani ni chake. Nilikwenda nikakilalia kwa dakika chache kuhakikisha, na mtu akiwa amelala ubavu wa kulia analiona gurudumu lote, mpaka juu.

Sasa ombi langu, dada, na ndilo kubwa katika barua hii. Acha kumzoeza. Najua unafanya kwa mapenzi, na unanionea huruma mdogo wako. Lakini muache. Tena usimfanye aone kwamba akiniita mimi baba atakuwa amemnyang'anya Ghalib. Nafasi yake siitaki, aliipata kwa kuamka usiku wakati mtoto ana surua. Kama ipo nyingine pembeni, ndogo, Dalila ataniwekea mwenyewe.

Mwambie tu kwamba Mjomba Abass amewapatia chumba chenye pembea dirishani, na kwamba atawapokea uwanja wa ndege wa Baiyun, amevaa shati la kijani ili asimpotee. Akitaka kuniamkia aniamkie, akijificha nyuma ya buibui lako usimvute. Mvua za Juni ni kubwa huku, lakini usibebe mwavuli, ninayo katoni nzima. Na msiwe na wasiwasi, mtarudi nyumbani kabla ya maulidi ya Mfungo Sita.

Bi Ma ameniuliza tena juzi hao watatu ni nani. Nikamhesabia kwa vidole, dada yangu, mimi, na nilipofika kwa wa tatu nikakwama, kisha nikamwonyesha picha. Akaitazama picha, akanitazama mimi, akanishika kidevu, akaongeza nyama kwenye bakuli langu. Nakuambia, nina matumaini makubwa na safari hii. Sijui kwa nini. Labda ni ile supu.

Nisalimie sana shemeji Ghalib, na umwambie nimeheshimu kalamu yake. Wasalimie wanao wote, na Bi Rozina wa duka la pembeni, viatu vyake vimo kwenye kontena lililoondoka bandari ya Huangpu, asiwe na haraka. Sufian mtoto wa mjomba akija kuuliza habari za kuletwa huku, mwambie kwanza ajifunze kuamka. Mwenyezi Mungu akuhifadhi, akuponye mguu, awafikishe salama, na akulipe kwa mtoto huyu kila jema ambalo mimi sina uwezo wa kukulipa.

Mdogo wako akupendaye,
na mjomba wa Dalila kwa sasa,

Abass